Kurudi Mgahawa wa Utotoni na Marafiki wa Zamani: Mwongozo Kamili

Safari ya namna hii huanza kwa ujumbe mmoja kwenye kundi la WhatsApp: "Hivi ile sehemu yetu bado ipo?" Watu wanamwaga vicheko, mmoja anaandika "tupange", mwingine anajibu "kweli kabisa", na jambo linaishia hapo. Miezi inapita, anaibuka mwingine na ujumbe uleule. Hamu ipo tele. Anayekosekana ni mtu wa kulibeba jambo lenyewe. Mwongozo huu ni wa mtu huyo.

Kabla hujapiga simu hata moja, kubali jambo hili: mgahawa mnaoukumbuka haupo tena, hata kama kibao, meza na rangi ya ukuta ni vilevile. Ukiipanga siku ili chakula kilingane na kile cha zamani, umeitwisha sahani mzigo wote, na sahani ikiwaangusha, siku nzima imeharibika. Ipange ili watu wakae vizuri, wasikilizane, wacheke. Chakula kikitokea kuwa kitamu, hiyo ni nyongeza.

Hatua ya 1: Hakikisha mahali papo

Usiridhike na unachokiona mtandaoni. Migahawa iliyofungwa siku nyingi bado huonekana kwenye ramani na saa zake za kazi kana kwamba jiko linawaka. Huduma ya Street View ya Google, inayoonyesha picha za barabara na majengo yake, iliyoanza 2007, husaidia kidogo: tangu 2014 inaruhusu kutazama picha za miaka ya nyuma za sehemu hiyohiyo, pale zilipopigwa, na hapo unaweza kuona ni lini kibao kilibadilishwa au mlango ulihamishwa. Lakini hakuna kinachoshinda kupiga simu.

Ukiwapata, uliza: mmiliki ni yuleyule? Kile chakula chetu bado kipo kwenye menyu, na kama hakipo, mpishi anaweza kukiandaa akiambiwa mapema? Jiko huwa linafungwa kati ya chakula cha mchana na cha jioni? Meza kubwa kuliko zote inakaa watu wangapi? Swali la jiko watu hulisahau, halafu wanafika saa tisa alasiri na kukuta wahudumu wanapiga deki.

Kisha tuma mpelelezi mmoja, anayeishi karibu au atakayepita upande huo. Akae, aagize chochote, arudi na taarifa ya mambo matatu: kelele, ngazi na vyoo. Mambo ya ngazi si ya kudharau, kwa sababu kundi la marafiki wa utotoni likishavuka umri fulani halikosi mwenye goti bovu, au mjamzito, au anayetembelea gongo na hakuwahi kumwambia mtu. Mpelelezi apewe sharti moja: asiseme chochote kuhusu ladha. Hiyo ni yenu wote, muionje kwa pamoja.

Na mkikuta pamefungwa kabisa? Ulizia kwanza mpishi alikokwenda. Mara nyingi mapishi huhama na mtu, si na jengo, na huenda yeye au watoto wake wamefungua kwingine. Kama hapapatikani, nendeni mahali popote pazuri karibu na pale, mpite mbele ya jengo la zamani kwa miguu kabla ya kula. Nisichopendekeza ni kutafuta mgahawa "unaofanana". Mtatumia jioni nzima kuulinganisha na kuuonea.

Hatua ya 2: Amua nani anakuja

Hapa ndipo siku hujengeka au hubomoka, na hapa ndipo waandaaji wengi hupita haraka kwa kuogopa kumuudhi mtu.

Anza na idadi. Mwaka 1995 mwanasaikolojia Mwingereza Robin Dunbar na wenzake walichapisha utafiti kuhusu mazungumzo ya kawaida ya watu waliokaa pamoja, wakaona kwamba wakizidi wanne hivi, mazungumzo hupasuka na kuwa mawili. Ukiketi meza ya watu kumi utajionea mwenyewe: upande mmoja wanacheka, upande wa pili wanauliza "amesema nini?" Kwa hiyo wanne hadi sita ndio kiasi kizuri. Mkiwa wanane au tisa inawezekana, ila mtalazimika kubadilishana viti katikati ya mlo. Wakizidi hapo, hilo ni kongamano, na lina maandalizi yake.

Wenzi na watoto wasije mara ya kwanza. Najua neno hili halina mapokezi mazuri. Lakini mtu asiyekuwepo enzi hizo anahitaji kuelezwa kila kichekesho, na kichekesho kikishaelezwa kimekufa. Mume au mke naye atakaa saa tatu akitabasamu kwa adabu mbele ya watu wanaomwita mwenzake kwa jina asilolijua. Mtoto atachoka ndani ya nusu saa. Wapangieni siku yao.

Usitoe mwaliko kwenye kundi. Mpigie kila mmoja simu peke yake, kwa sababu mbili. Kwanza, kwenye kundi mtu hujibu kwa ajili ya hadhira, ilhali kwenye simu atakuambia ukweli: kwamba yuko kwenye matibabu, kwamba hali ya fedha si nzuri, kwamba fulani akija yeye haji. Pili, ugomvi wa zamani ni vizuri ukaujua mapema. Kama wawili hawasemeshani, usijipe kazi ya upatanishi juu ya meza ya chakula. Waambie wote wawili wazi kwamba mwenzake amealikwa, waamue wenyewe. Kumshtukiza mtu mlangoni ni ukatili hata ukifanywa kwa nia njema.

Yupo pia yule aliyepotea, ambaye hakuna aliyezungumza naye miaka. Watu husitasita wakidhani watamsumbua. Utafiti ulioongozwa na Peggy Liu wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh, uliochapishwa 2022, ulionyesha kwamba anayemtafuta mwenzake hukadiria chini ya ukweli furaha ya yule anayetafutwa, na kwamba kutafutwa bila kutarajia ndiko kunakothaminiwa zaidi. Mwandikie kwa ufupi, bila lawama ya ukimya wake:

"Habari za siku nyingi. Tunapanga kurudi kula pale petu, watu watano tu, Jumamosi ya mwisho wa mwezi ujao. Nimekukumbuka. Ukiweza njoo, usipoweza nitafurahi hata kusikia uko salama."

Sentensi ya mwisho ndiyo inayofanya kazi. Inampa mlango wa kujibu hata kama hawezi kuja.

Na kama katika wale wa zamani kuna aliyefariki, zungumzeni kabla ya siku yenyewe nani atamtaja na lini. Naona ni bora atajwe mapema, mkishaketi, kabla ya kuagiza. Likiachwa, jambo hilo hukaa mezani mchana kutwa bila kusemwa, halafu huja kutoka vibaya mwishoni, wakati mmoja ameshavaa koti na mwingine anaitafuta funguo ya gari.

Hatua ya 3: Malizeni mambo ya pesa kabla ya siku

Utotoni mlikuwa sawa, au angalau mlikuwa na mifuko mitupu kwa kiwango kimoja. Leo hamko sawa. Mmoja amejenga, mwingine amesimamishwa kazi mwezi uliopita na hajamwambia mtu.

Kugawana bili sawasawa ndiyo njia inayoonekana ya kirafiki kuliko zote, na ndiyo yenye matatizo zaidi. Mwanauchumi Uri Gneezy na wenzake waliijaribu kwenye mgahawa halisi na kuchapisha matokeo 2004: watu walioambiwa bili itagawanywa sawa waliagiza vya gharama kubwa kuliko walioambiwa kila mtu atalipa chake. Wengi wao walipoulizwa walisema wangependelea kila mtu alipe chake. Kwa hiyo anayeagiza kidogo kwa sababu hana huishia kumlipia anayeagiza kingi kwa sababu anacho, na hakuna anayesema neno.

Ninayoipendelea ni michango ya mapema. Mpelelezi alete picha ya menyu, mkadirie kiasi cha mtu mmoja, kiongezwe kidogo kwa ajili ya vinywaji, kisha kila mtu atume kwa mweka hazina mmoja. Atume kwake, si kwa kutangaza kwenye kundi. Asiye na uwezo azungumze na mweka hazina peke yake, na siri hiyo iishie hapo. Mweka hazina asiwe mropokaji. Hiyo ndiyo sifa ya kwanza, hesabu ni ya pili.

Kuna yule aliyefanikiwa ambaye atataka kulipa vyote. Nia yake inaweza kuwa safi kabisa, lakini mtu mmoja akilipa bili nzima, meza hubadilika: wengine wanakuwa wageni wake. Mpe kitu mahususi cha kubeba, kama vitindamlo au usafiri wa kuwarudisha watu, na mkubaliane naye mapema ili asije akamnyang'anya mhudumu bili kwa mbwembwe.

Hatua ya 4: Chagua saa, kisha meza

Nendeni saa ileile mliyokuwa mkienda. Kama ilikuwa alasiri baada ya masomo, nendeni alasiri. Mwanga utaingia kwa dirisha lilelile, na kwa kawaida watu huwa wachache.

Uchache wa watu si starehe tu. Daktari Mfaransa Étienne Lombard alieleza 1911 kwamba mtu akiwa kwenye kelele hupandisha sauti bila kujijua. Meza moja ikipandisha, ya pili inapandisha zaidi, na baada ya muda mgahawa mzima unapiga kelele ili kuishinda kelele yake wenyewe. Ladha nayo huguswa: utafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell wa 2015 ulionyesha kwamba kelele za kiwango cha ndani ya ndege hufifisha utamu wa vitu vitamu mdomoni. Mkienda saa ya msongamano mtakuwa mmejinyima mazungumzo na chakula kwa pamoja.

Omba meza ya pembeni, mbali na jiko na spika. Ya duara ikiwepo, chukua hiyo. Ikiwa ni ndefu tu, wazungumzaji wakubwa wakae katikati, si kwenye ncha.

Hatua ya 5: Kila mtu aandike kumbukumbu zake peke yake

Hatua hii huonekana kama ya shuleni, na watu wataicheka. Isisitize.

Utafiti uliochapishwa 1997 na wanasaikolojia Weldon na Bellinger ulithibitisha jambo la kushangaza: watu wakikumbuka kwa pamoja, jumla ya wanayoyakumbuka huwa ndogo kuliko pale kila mmoja anapokumbuka peke yake kisha orodha zikaunganishwa. Mmoja akianza kusimulia, wengine hupoteza uzi wa kumbukumbu zao wenyewe. Mwenye sauti kubwa ndiye historia inayobaki.

Basi wiki moja kabla, kila mmoja aandike kwa mkono au kwenye simu majibu ya maswali machache bila kumwonyesha mtu: Ulikuwa unakaa kiti gani? Uliagiza nini? Nani alikuwa akilipa, na pesa ilitoka wapi? Ni nani kati yetu aliyekuwa akichelewa? Kulikuwa na harufu gani? Siku gani mlifukuzwa, au karibu mfukuzwe? Majibu yasomwe mezani, mtu mmoja mmoja, swali moja moja.

Yatapishana, tena vibaya. Watatu wataapa walikaa karibu na dirisha kwenye kiti kimoja. Mwanasaikolojia Mwingereza Frederic Bartlett alionyesha tangu 1932 kwamba akili haitunzi tukio kama lilivyokuwa, bali hulijenga upya kila linapokumbukwa, ikijaza mapengo kwa yanayoelekea kuwa kweli. Hakuna anayedanganya. Kwa hiyo wekeni kanuni: hakuna hukumu. Simu isitolewe kutafuta ushahidi, na asiwepo wa kusema "wewe umesahau". Kila mtu asimulie yake hadi mwisho. Isipokuwa swali la nani alivunja ile glasi na kumsingizia mwenzake. Hilo mnaruhusiwa kulisikiliza kama mahakama.

Wenye picha za zamani walete, zipitishwe mkono kwa mkono, moja moja. Rundo la picha mia kwenye simu hugeuka kuwa watu sita walioinamia vioo.

Hatua ya 6: Mkifika

Simameni mlangoni kidogo kabla ya kutoa simu kupiga picha. Harufu ndiyo itakayofika kwanza, na ina njia yake: taarifa za harufu huingia kwenye sehemu za ubongo zinazohusika na hisia na kumbukumbu kwa njia fupi kuliko zile za macho na masikio. Mtu anaweza kunyamaza ghafla. Mwacheni.

Kisha mtaona vipimo vimekosewa. Kaunta iliyokuwa ikikufikia kidevuni, hata ukalazimika kusimama kwa ncha za vidole ili kuona chenji yako, sasa inaishia kiunoni. Unaona yale ambayo mtoto hakuyaona: rejista yenye kitufe kilichofungwa gundi ya karatasi, daftari la madeni, kikombe cha chai ya mhudumu kilichopoa. Ukumbi ulioukumbuka kama uwanja una meza tisa. Cheka, hakuna aliyeupunguza.

Kwenye kuagiza, fanyeni hivi: agizeni kile chakula cha zamani kiasi cha kuonja wote, kiwekwe katikati, kifike kwanza. Baada ya hapo kila mtu aagize anachokitaka mwili wake wa leo. Kumlazimisha kila mmoja ale sahani nzima ya utotoni ni kumtesa mwenye kisukari na mwenye vidonda vya tumbo kwa jina la kumbukumbu. Wenye mzio wamwambie mhudumu mapema, hata kama zamani walikula kila kitu.

Na ladha je? Jiandaeni, huenda isiwe ile. Sehemu ya sababu ni nyinyi. Watoto hupenda utamu mkali kuliko watu wazima na huhisi uchungu upesi zaidi, na uwezo wa kunusa, ambao ndio unaobeba sehemu kubwa ya tunachokiita ladha, hupungua kadiri umri unavyosonga, hasa baada ya miaka 60. Tena enzi hizo mlikuja na njaa ya kukimbia mchana kutwa. Sehemu nyingine ni jiko. Wapishi hubadilika, wauzaji wa malighafi hubadilika, hata mafuta: mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitoa wito mafuta ya trans ya viwandani (yale ya mimea yanayogandishwa kiwandani, yanayodhuru moyo) yaondolewe kwenye vyakula duniani kote, na nchi nyingi zimeyapiga marufuku au kuyawekea kikomo. Kilichokaangwa leo huenda hakikuguswa na mafuta yale mliyoyajua.

Haya yote hayamhusu mhudumu. Usimwambie kijana ambaye huenda hakuwa amezaliwa kwamba zamani palikuwa pazuri. Kama mwenye mgahawa au mpishi wa zamani bado yupo, subirini apumue, wateja wapungue, kisha aende mmoja wenu kumsalimu na kumwomba apite mezani. Mwambieni kitu kimoja cha hakika: "Ulikuwa unatuongezea mchuzi tukikosa pesa ya kinywaji." Sifa za jumla amezisikia maisha yake yote. Hiyo moja huenda hajaisikia. Mkiwa na picha ya zamani inayoonyesha ukuta au kaunta yake, mpeni nakala.

Hatua ya 7: Lindeni mazungumzo

Hatari kubwa mezani ni ile hesabu ya nani kafika wapi: kazi, nyumba, watoto, shule za watoto. Ikianza, aliyekwama hunywea na aliyefanikiwa huanza kujieleza hata kama hakutaka. Mwandaaji ana silaha: yale maswali. Ukiona mada imeelekea kwenye viwanja na magari, soma swali linalofuata.

Majina ya utani yaulizwe kwanza. "Bado tunakuita vile?" inatosha. Jina lililowachekesha wote wakiwa na miaka kumi huenda mwenyewe alilia nalo nyumbani.

Baada ya chakula kikuu badilishaneni viti, na mkae na yule ambaye hamjazungumza naye. Mnyamavu msimuulize "mbona kimya?" mbele ya watu. Mhamie.

Hatua ya 8: Kuondoka, na wiki inayofuata

Mwanasaikolojia Daniel Kahneman na wenzake walionyesha katika miaka ya 1990 kwamba tukio hukumbukwa zaidi kwa kilele chake na jinsi lilivyoisha kuliko kwa urefu wake. Chukulia hilo kwa uzito: mweka hazina alipe bili kabla ya kinywaji cha mwisho, akiwa amesimama kaunta, ili kusiwe na ile nusu saa ya kuhesabu chenji na watu kuchomoka mmoja mmoja. Ondokeni wote kwa pamoja wakati stori bado zimo. Picha ya pamoja ipigwe hapo nje, na mhudumu au mpita njia, ili asikosekane mtu.

Ndani ya siku mbili mweka hazina atoe hesabu, hata kama kilichobaki ni kidogo. Picha zitumwe kwa waliokuwepo kwanza, na kila mmoja akubali kabla hazijapelekwa kwingine. Zile karatasi za majibu zikusanywe na mtu mmoja, zisitupwe. Aliyeshindwa kuja apigiwe simu, asiachwe ajionee picha kwenye hali (status) za WhatsApp za watu; asimuliwe mlichokula, nani aligombania kiti cha dirishani, na aulizwe yale maswali naye, kwa sababu jibu lake kuhusu ile glasi bado linasubiriwa.